Ala ya muziki: Mwanao ajifunze kwa raha au kwa mtihani?

IWAPO una mtoto anayejifunza kupiga piano, fidla au gitaa, bila shaka umewahi kuulizwa na jirani au jamaa: "Amefika gredi gani?" Ni nadra sana mtu kukuuliza: "Siku hizi anapiga wimbo gani?"

Swali hilo la kwanza si baya. Hata hivyo, linaonyesha jinsi wengi wetu tunaoishi mijini tunavyoutazama muziki. Tumelelewa katika mitihani, na karibu kila jambo la mtoto tunalipima kwa alama. Mtihani wa KCPE ulioanza mwaka wa 1985 ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini mazoea yake hayajatutoka. Mtoto akianza masomo ya piano Jumamosi, Jumatatu tayari tunauliza cheti kitapatikana lini.

Je, jambo hili lina uhusiano gani na afya? Uhusiano upo, tena mkubwa. Kupiga ala ya muziki ni mojawapo ya shughuli chache zinazofanyisha kazi akili, macho, masikio na vidole kwa wakati mmoja, na ambazo mtu anaweza kuziendeleza tangu utotoni hadi uzeeni. Humtuliza aliyechoka, humpa mpweke wenzake wa kupiga nao, na humzoesha mtoto kutulia na kazi moja hadi aimalize. Lakini faida hizi zina sharti moja: mtu asiache.

Na wengi huacha. Huenda hata nyumbani kwako kuna gitaa lililokatika nyuzi nyuma ya mlango, au kibodi iliyofunikwa kitambaa ambayo haijaguswa tangu mtihani wa mwisho. Pesa zilitumika, miaka ikapita, cheti kiko ukutani, lakini muziki haupo.

Makala haya hayakushauri umwondoe mwanao katika mitihani. Yanakueleza mtihani unafaa wapi, unaweza kudhuru wapi, na utaitambuaje tofauti.

Mtihani wenyewe ukoje?

Mitihani ya gredi inayojulikana zaidi na wazazi wa miji yetu hutoka Uingereza. Kuna ile ya Associated Board of the Royal Schools of Music (ABRSM), bodi iliyoanzishwa mwaka wa 1889, na ile ya Trinity College London. Gredi kuu ni nane. Gredi ya 1 humfaa mwanafunzi aliyekwisha kupata msingi. Gredi ya 8 ni ya mtu aliyekomaa, ambaye akitaka anaweza kufikiria kuusomea muziki chuoni.

Katika mtihani wa kawaida wa ABRSM, mtahiniwa huingia chumbani peke yake na kumkuta mtahini. Hupiga vipande vitatu alivyojitayarishia, na kila kimoja kina alama 30. Kisha hupiga skeli na mazoezi mengine ya vidole, alama 21. Hupewa noti ambazo hajawahi kuziona, azipige papo hapo, alama nyingine 21. Mwisho ni mtihani wa sikio, ambapo mtahini hupiga naye hujibu au kuimba alichosikia, alama 18. Jumla ni 150. Anayepata 100 amepita, 120 amepita vizuri, na 130 amepita kwa sifa ya juu kabisa.

Isitoshe, anayetaka kufanya gredi ya 6, 7 au 8 ya aina hii sharti kwanza awe amepita gredi ya 5 ya nadharia ya muziki, au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake. Tangu mwaka wa 2020, ABRSM pia ina mtihani ambao mtahiniwa hujirekodi kwa video akipiga vipande vinne na kuituma, bila kukutana na mtahini ana kwa ana.

Nimekueleza haya yote kwa sababu wazazi wengi hulipa ada ya mtihani bila kujua mtoto anaenda kufanya nini mle ndani. Ukijua, utaelewa kwa nini anachoka na kwa nini anaogopa.

Mtihani una faida zake

Mgala muue na haki umpe. Mtihani humpa mwanafunzi lengo na tarehe. Mtoto ambaye angefanya mazoezi leo na kusahau kesho hujua kwamba mwezi wa Novemba kuna mtu atakayemsikiliza.

Aidha, mtihani hulazimisha mambo yale ambayo mtu anayejifurahisha huyakwepa. Skeli hazina utamu, lakini ndizo zinazovipa vidole wepesi. Kusoma noti papo hapo ni kazi ngumu, lakini anayeiweza anaweza kukaa kwenye kinanda cha kanisa lolote na kuiongoza kwaya. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Vilevile, mtahini ni sikio la mtu wa nje. Si mama anayesifu kila kitu, wala si mwalimu anayelipwa na mama. Huandika maoni yanayoonyesha palipo pazuri na palipo na kasoro. Kwa mtoto mwenye haya, kuingia chumba kile na kutoka salama ni ushindi utakaomsaidia hata siku ya mahojiano ya kazi. Na kwa kijana anayetaka kwenda chuo kikuu nchini Uingereza, gredi za 6 hadi 8 huweza kuongeza pointi katika ombi lake.

Basi tatizo liko wapi?

Cheti kinapoua hamu

Mwaka wa 1973, wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi la kwanza liliambiwa mapema kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu. Kundi la pili halikuambiwa lolote, lakini baada ya kuchora likapewa cheti kile kile. Kundi la tatu halikuahidiwa wala kupewa chochote.

Wiki moja au mbili baadaye, kalamu ziliwekwa tena darasani na watoto wakaachwa wacheze watakavyo. Wale walioahidiwa cheti mapema walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Wale waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu.

Zingatia hapo. Cheti chenyewe hakikuwa na kosa. Kilichopunguza hamu ni kule kuchora kwa ajili ya cheti. Mtoto alipoambiwa kwamba kuna malipo, aliacha kuuona uchoraji kuwa mchezo, akauona kuwa kazi. Malipo yalipoondolewa, kazi nayo ikakosa sababu.

Ndivyo inavyoweza kutokea kwa muziki. Mwalimu aliyebanwa na wazazi wanaotaka gredi kila mwaka hulazimika kumfundisha mtoto vipande vitatu tu, mwezi baada ya mwezi, hadi siku ya mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu cha gredi inayofuata kinafunguliwa. Si ajabu basi kumpata kijana aliyepita gredi ya 5 ambaye ukimwomba ampigie nyanya yake wimbo mmoja siku ya kuzaliwa, atakuambia hawezi kwa sababu hana karatasi. Amejifunza kupita mtihani, lakini hajajifunza kuipiga piano iwe yake.

Mwili nao husema

Hofu ya kupiga mbele ya watu ni ya kawaida, na hata wanamuziki mashuhuri huipata. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi hukatika-katika, kinywa hukauka, viganja hutoa jasho na vidole hutetemeka. Kwa mtu anayefukuzwa na mbwa, hali hiyo ni msaada. Kwa mtoto anayetaka kushika fidla kwa utulivu, ni balaa.

Hofu kidogo humwamsha mtu na haina madhara. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni hofu isiyokwisha. Je, mwanao hulalamika kuumwa na tumbo kila siku ya somo, na siku nyingine tumbo ni zima? Je, amekosa usingizi au amepoteza hamu ya chakula wiki kadhaa kabla ya mtihani? Je, hulia akikosea noti moja? Ikiwa ndivyo, usimkemee kwamba ni mvivu. Kwanza hakikisha hana ugonjwa, kisha uliza kama mtihani huo ni wake au ni wako.

Kuna watu wazima wanaomeza dawa za kupunguza mapigo ya moyo, mathalan propranololi, ili mikono isitetemeke jukwaani. Dawa hizo hutolewa kwa ushauri wa daktari, si za kuazimana. Zinaweza kumbana kifua vibaya sana mtu mwenye pumu. Usimpe mtoto dawa ya mtu mwingine kwa sababu ya mtihani wa muziki. Njia iliyo salama ni kumzoesha. Mpe nafasi apige mbele ya jamaa, kisha mbele ya wageni, na mfundishe kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi kabla ya kuanza.

Vidole, mgongo na masikio

Wiki za mwisho kabla ya mtihani ndizo hatari kwa mikono. Mtoto aliyekuwa akipiga nusu saa kwa siku huambiwa ghafla apige saa tatu. Kano na misuli haijazoea, na matokeo yake ni maumivu katika kifundo cha mkono, kiwiko au bega. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Robert Schumann, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani aliyeishi kati ya mwaka wa 1810 na 1856, alitaka awali kuwa mpiga piano. Katika miaka ya 1830 mkono wake wa kulia ulidhurika, akaiacha ndoto hiyo na kuelekeza nguvu zake katika utunzi. Hadi leo wataalamu hubishana kuhusu chanzo cha madhara hayo, na mazoezi ya kupita kiasi ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Ili kumlinda mwanao, na hata wewe mwenyewe, zingatia haya:

Pumzika dakika tano kila baada ya dakika 25 hivi za kupiga. Simama, nyoosha mabega, kunja na kukunjua viganja.

Kwenye piano, kiti kiwe na kimo cha kufanya viwiko viwe sawa na kibodi. Miguu ya mtoto mfupi isining'inie, bali iwekewe kibao cha kukanyagia.

Usipige huku mkono unauma. Maumivu yakiendelea hadi siku ya pili, au vidole vikifa ganzi na kuwashwa kama vinadungwa sindano, acha kupiga na umwone daktari.

Masikio nayo yasisahauliwe, hasa kwa wapiga ngoma, tarumbeta na gitaa la umeme. Wataalamu wa afya ya kazini hupendekeza sauti isizidi desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Yaani kwa desibeli 88 ni saa 4, na kwa desibeli 94 ni saa moja tu. Masikio yakilia baada ya mazoezi, hiyo ni ishara kwamba sauti ilizidi. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Tumia vizibo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Waliojifunza bila gredi

Usidhani kwamba asiyefanya mtihani hawezi kuwa fundi. Mpiga nyatiti wa jadi katika jamii ya Waluo hakupewa gredi. Alikaa na mwenye kuijua, akatazama vidole vikitembea juu ya nyuzi nane, akajaribu, akasahihishwa, akajaribu tena. Mtahini wake alikuwa hadhira ya matangani au ya karamuni, na hadhira hiyo haikuwa na huruma kwa mtu anayebabaisha.

Katika miaka ya 1950, wapiga gitaa wa Magharibi mwa Kenya kama George Mukabi walijijengea mtindo wao wa kucharaza nyuzi kwa vidole, uliokuja kuitwa omutibo. Nchini Kongo, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952, na upigaji wake wa gitaa ukawavutia vijana wengi hadi kwetu Afrika Mashariki. Muziki wa watu hawa ulikua bila ngazi za gredi, na bado wapiga gitaa wa leo hutoka jasho kuuiga.

Lakini tusidanganyane. Watu hao hawakukosa nidhamu. Walirudia kipande kimoja mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa gredi ya 3, kwa sababu walikipenda na kwa sababu palikuwa na watu wa kukisikiliza. Kwa hivyo, kujifunza kwa raha si sawa na kujifunza ovyo. Mtoto asiyefanya mtihani bado anahitaji mwalimu, saa maalumu ya mazoezi, na mtu wa kumpigia. Ukimwondolea mtihani usiweke kitu kingine mahali pake, usishangae gitaa likirudi nyuma ya mlango.

Na wewe mtu mzima je?

Huenda unasoma haya huku ukijiambia kwamba wakati wako umepita. Haujapita. Ni kweli kwamba anayeanza mapema hufaidika zaidi katika baadhi ya mambo. Mwaka wa 1995, watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba kwa wapiga ala za nyuzi, sehemu ya ubongo inayohisi vidole vya mkono wa kushoto ni kubwa zaidi kuliko ya watu wengine, hasa kwa walioanza wakiwa watoto. Lakini ubongo wa mtu mzima nao hujifunza.

Utafiti mwingine uliochapishwa Marekani mwaka wa 2003 uliwafuatilia watu 469 waliokuwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya ubaoni, kucheza densi au kupiga ala za muziki walipatwa kwa uchache zaidi na ugonjwa wa kupoteza fahamu na kumbukumbu uzeeni. Hilo halithibitishi kwamba gitaa ni kinga, kwa maana huenda wenye ubongo mzima ndio wanaoendelea kupiga. Hata hivyo, ni sababu nzuri ya kutoketi bure jioni.

Kwako wewe mtihani si lazima hata kidogo. Kama unapenda kuwa na lengo, ufanye. Kama moyo wako unataka tu kupiga nyimbo za zamani ulizozisikia redioni kwa wazazi wako, mwambie mwalimu hivyo siku ya kwanza. Mwalimu mzuri hatakasirika.

Ufanye nini basi?

Kwanza, muulize mtoto mwenyewe, tena si mbele ya wageni: "Unataka kufanya mtihani huu?" Akisema ndiyo, msaidie. Akisema hapana, mwulize angetaka kupiga nini. Jibu lake litakueleza mengi kuliko ripoti ya mwalimu.

Pili, hakikisha kwamba kila wakati, hata wakati wa kujitayarisha kwa mtihani, kuna wimbo mmoja anaoupiga kwa sababu anaupenda tu. Uwe wa kanisa, wa taarabu, wa redioni, wowote ule. Usiukosoe.

Tatu, msiruke kutoka gredi moja hadi nyingine bila kupumua. Hakuna sheria inayosema lazima kuwe na mtihani kila mwaka. Zungumza na mwalimu kuhusu mwaka mmoja wa kupiga vipande vingi vyepesi, kupiga na wenzake, na kupiga bila karatasi.

Nne, akifanya mtihani, asiandikishwe hadi aweze kupiga vipande vyake vyote kwa utulivu mwezi mmoja kabla. Usiku wa kuamkia mtihani alale mapema. Usimwahidi baiskeli akipita. Mpongeze baadaye kwa kazi aliyoifanya, awe amepata 130 au 99.

Tano, sikiliza. Zima televisheni dakika kumi, keti karibu na mtoto, na umwombe akupigie. Wazazi wengi hulipa karo ya muziki kwa miaka mingi bila kufanya hivyo hata mara moja.

Ukitaka kujua kama njia mliyoichagua inamfaa, usitazame cheti. Mtazame mwanao wakati wa likizo, siku ambayo hakuna somo, hakuna mwalimu na hakuna aliyemtuma. Akiifuata ala yake mwenyewe, hata kwa dakika tano, endeleeni hivyo hivyo, kwa mtihani au bila mtihani. Asipoigusa likizo nzima, kuna jambo la kubadilisha, na afadhali ulibadilishe kabla hamjalipia gredi inayofuata.